Umerudi Kutoka Porini: Mwongozo Kamili wa Kujimiliki Tena Baada ya Kutekwa Miaka Mingi

Aliyekaa mikononi mwa waasi miaka mitano, saba au kumi huzoea kuamuliwa. Huamuliwa saa ya kuamka, njia ya kupita, mzigo wa kubeba, mtu wa kulala naye, hata jina la kuitikia. Siku anaporudi nyumbani hupokewa kwa vigelegele, halafu wale wale waliompokea wanaanza nao kumwamulia: ale nini, alale wapi, aombewe na nani, aolewe au asiolewe. Nia yao ni njema kabisa. Lakini nafsi iliyonyang'anywa hurudi kwa kuamua, na hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa kwa kufuata ukubwa wa maamuzi: tunaanza na sahani na shuka, tunamalizia na mambo mazito.

Mifano mingi nimeitoa kaskazini mwa Uganda. Kundi la waasi la LRA, la Joseph Kony, liliteka makumi ya maelfu ya watoto na vijana kutoka Gulu, Kitgum, Pader, Lira na kwingineko, na waliorudi walikuwa wengi kiasi kwamba hali zao zimefuatiliwa kwa miaka. Msomaji wa Beni, Mambasa au Irumu, mashariki mwa Congo, ambako waasi wa ADF wanaendelea kuteka watu, atakuta mengi yanayomgusa. Namwandikia aliyerudi. Ndugu wa nyumbani mna sehemu yenu mbele, ingawa itawafaa kusoma na hizi za mwanzo.

Hatua ya 1: Mwili, taratibu

Kama umerudi umekonda sana, hatari ya kwanza ni karamu. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukipewa chakula kingi ghafla, madini ya kwenye damu huvurugika, na moyo unaweza kusimama. Wafungwa wengi waliokombolewa kwenye makambi ya Wanazi mwaka 1945 walikufa hivyo, wakiwa huru, matumbo yakiwa yameshiba. Basi pitia kituo cha afya kwanza, mweleze mhudumu ulikuwa unakula nini na kwa muda gani, na umuulize kuhusu vitamini B1. Siku za mwanzo kula kidogo kidogo mara nyingi: uji mwepesi, ndizi ya kuchemsha, maharage machache, samaki kidogo. Mbuzi wa sherehe anaweza kusubiri wiki mbili, hatakimbia.

Kama ulibakwa na hazijapita saa 72, dawa za kinga dhidi ya VVU (PEP) bado zinafaa, kwa hiyo nenda leo hii. Muda ukiwa umepita, pima VVU na urudie baada ya miezi mitatu. Pima pia kaswende, kifua kikuu, malaria, kichocho na minyoo. Na jambo linalosahaulika mno: vipande vya risasi na mabomu. Wengi waliorudi Gulu walikaa navyo mwilini kwa miaka, wakiitwa wavivu kwa sababu hawawezi kushika jembe kwa muda wa saa mbili au kubeba maji kichwani. Omba eksirei ya sehemu inayouma. Maumivu yasiyotibiwa yanakuzuia kulima, kulala na kufikiri, halafu unaanza kuamini kuwa umeharibika akili.

Kabla ya kila kipimo mhudumu akueleze anachotaka kufanya na asubiri ukubali. Una haki ya kukataa, ya kumtaka mhudumu mwanamke, na ya kuingia na mtu unayemwamini. Ukisema "ngoja kwanza" ndani ya chumba hicho na mtu akangoja kweli, huo ni uamuzi wako wa kwanza kuheshimiwa baada ya miaka mingi.

Hatua ya 2: Maamuzi ya sahani na shuka

Watu hushangaa aliyerudi anaposimama mbele ya nguo mbili na kushindwa kuchagua. Kule porini kuchagua kulikuwa na adhabu, kwa hiyo akili ilijifunza kusubiri amri. Uwezo huo wa kuchagua unarudi kwa kuzoezwa, na pa kuanzia ni mambo ambayo ukikosea hakuna kinachoharibika.

Kila asubuhi taja kwa sauti mambo yasiyopungua matatu unayoamua leo: chai ya maziwa au ya rangi, kuoga sasa au jioni, kukaa chini ya mwembe au ndani. Baada ya wiki chache ongeza ukubwa: kwenda sokoni peke yako au na mtu, kununua sabuni ipi kwa fedha yako mwenyewe, kunyoa au kusuka nywele. Nywele nazitaja kwa makusudi, maana waliotekwa wengi walikatazwa au walilazimishwa mtindo fulani, na kioo kidogo na kinyozi mzuri vinaweza kufanya kazi ambayo semina haifanyi.

Ukitaka kulala sakafuni, lala sakafuni. Godoro laini humnyima usingizi aliyezoea ardhi. Ukitaka kitanda chako kielekee mlangoni, kigeuze. Hakuna anayepaswa kukucheka.

Hatua ya 3: Jina na karatasi

Wengine walipewa majina mapya huko, wengine wakabadilishwa na dini kwa nguvu. Familia hukimbilia kulifuta jina la porini siku ile ile, lakini si wote wanaolitaka jina la zamani mara moja. Kwa mtu aliyetekwa akiwa na miaka tisa, lile jina la utotoni ni la mtu asiyemkumbuka vizuri. Waambie watu wakuite unavyotaka, na ukibadilisha mawazo baadaye ni sawa. Vivyo hivyo na dini: kurudi kanisani au msikitini kuwe hiari yako, kwa saa yako.

Karatasi ni suala jingine, hilo lisicheleweshwe. Nchini Uganda anza na barua ya mwenyekiti wa LC1 wa kijiji chako, kisha kitambulisho cha taifa. Upande wa Congo, kadi ya mpiga kura ndiyo hutumika kama kitambulisho kwa wengi. Kama hujui tarehe yako ya kuzaliwa, kaeni na wazee mkumbuke tukio la mwaka huo, ukame, vita au mazishi ya mtu mkubwa, mchague tarehe moja na kuishikilia kwenye karatasi zote. Kwa waliokuwa wapiganaji, Sheria ya Msamaha ya Uganda ya mwaka 2000 iliwapa zaidi ya watu 20,000 wa makundi mbalimbali hati ya msamaha, na wengi walipata pamoja nayo godoro, blanketi, sufuria, jembe, mbegu na fedha kidogo. Sufuria zimeshatoboka zamani, lakini hati ile wapo wanaoitunza hadi leo ndani ya mfuko wa plastiki. Itunze. Piga picha yake, mwachie nakala mtu mmoja unayemwamini.

Hatua ya 4: Usiku

Jinamizi, kushtuka, kusikia sauti za watu waliokufa, kunusa damu mahali pasipo na damu: haya huwapata wengi sana, na mara nyingi hupungua. Akili yako ilibaki macho miaka yote ili ubaki hai, sasa inachukua muda kuelewa kuwa zamu imekwisha.

Ukiamka kwa jinamizi, keti, weka nyayo zote mbili sakafuni, shika kitu cha baridi au nawa uso. Kisha sema kwa sauti: jina lako, kijiji ulipo, mwaka huu ni upi, nani amelala chumba cha pili. Taja vitu vitano unavyoviona. Taa ndogo ya sola isiyozimwa usiku inasaidia. Waragi na bangi hulaza haraka lakini usingizi wake ni mwepesi na jinamizi hurudi na nguvu zaidi. Nimeona vijana waliovuka mito mitatu wakitoroka wakazama kwenye chupa nyumbani kwao.

Wanaolala nawe nyumba moja wasikuamshe kwa kukutikisa. Wasimame mlangoni waite jina lako.

Hatua ya 5: Habari yako ni mali yako

Ndani ya wiki ya kwanza kila mtu atataka kuisikia: jirani, mwandishi wa habari, mchungaji anayetaka ushuhuda Jumapili, afisa wa usalama, shirika lenye fomu. Huna deni kwa yeyote kati yao. Kwa vyombo vya usalama huenda ukalazimika kueleza mambo fulani. Omba mtu akae nawe, uliza maelezo yanaandikwa kwa ajili gani, omba mapumziko. Kwa wengine wote andaa sentensi mbili za kufunga mlango, mfano: "Nimerudi, namshukuru Mungu. Mengine nitasema nikiwa tayari." Zifanyie mazoezi hadi zitoke bila kutetemeka.

Mimi siupendi ushuhuda wa haraka mbele ya kadamnasi. Msichana anaposimamishwa madhabahuni kueleza alivyobakwa, waumini hulia, sadaka hupanda, na yeye Jumatatu anakutana na macho ya kijiji kizima akiteka maji. Hata kitaalamu, kumkalisha mtu mara moja na kumlazimisha aeleze yote hakumkingi na kiwewe.

Redio ni hadithi tofauti kidogo. Kituo cha Mega FM cha Gulu kilikuwa na kipindi cha Dwog Cen Paco, wito kwa Kiacholi wa kurudi nyumbani, ambamo waliorudi walizungumza na wenzao waliobaki porini. Makamanda walikuwa wakiwaambia mateka kwamba wakirudi watauawa au watalishwa sumu. Sauti ya rafiki aliyetoroka wiki mbili zilizopita, mzima, ikauvunja uongo huo. Wasemaji walijua wanamwambia nani na kwa nini. Ukiombwa kuzungumza hadharani, tumia kipimo hicho hicho, na ongeza maswali matatu: picha yangu itaonekana? Jina litatajwa? Nikibadilisha mawazo kesho naweza kuwazuia?

Kuna mahali pa kuisimulia habari yote, lakini ni kwa mtu aliyefunzwa. Njia mojawapo iliyojaribiwa Uganda huanza na kamba iliyonyooshwa sakafuni kama mstari wa maisha tangu kuzaliwa. Kwenye kila tukio jema unaweka ua, kwenye kila tukio baya jiwe. Kisha katika vikao vinavyofuata mnapita kwenye kamba hiyo kwa mpangilio, mkitulia kwenye kila jiwe: ulikuwa wapi, ulisikia nini, mwili ulifanyaje, sasa hivi unahisi nini. Mshauri anaandika, na mwisho unakabidhiwa maisha yako yameandikwa kwa mfuatano. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, waliokuwa watoto wapiganaji 85 walihusishwa. Waliopewa tiba hii walitembelewa majumbani kwa vikao nane na washauri wa kienyeji wasio madaktari, na dalili zao za kiwewe zilipungua kuliko za wenzao waliopewa masomo ya kufidia shule. Baadaye namna ya tiba hiyo ilitumika Goma kwa waliokuwa wapiganaji. Usiifanye peke yako usiku na daftari. Unachoweza kufanya peke yako ni kukusanya maua: kumbuka na uandike, au mwambie mtu aandike, mambo mema ya kabla ya kutekwa, na pia ya kule kule. Yapo. Rafiki aliyekugawia mihogo, wimbo, siku mvua ilipofuta nyayo zenu.

Hatua ya 6: Ulichofanyishwa, na wale uliowaacha

Hapa pana uzito, tukae kidogo.

LRA iliwalazimisha watoto kuua, mara nyingine watu wa kijiji chao au ndugu zao, makusudi ili wasiwe na pa kurudi. Walipakwa mafuta ya moo yaa, yatokanayo na mti wa mshea, kama alama kwamba sasa ni wa huko. Mtu aliyefanyishwa hayo akirudi, kumwambia "sahau yaliyopita" ni kumfungia peke yake na hayo yaliyopita. Kumwambia "hukuwa na kosa lolote" nako mara nyingi hakumfikii, maana mikono anaikumbuka. Maneno yanayofika ni ya kweli na mafupi: ulikuwa mtoto, bunduki ilikuwa kichwani, aliyeamuru anajulikana, na mtu aliyekufa alikuwa na jina. Yote manne yasemwe, hata lile la mwisho.

Waacholi, kabila la kaskazini mwa Uganda, wana taratibu zao. Aliyekaa mbali kwa muda mrefu, kabla ya kuingia boma, hukanyaga yai bichi lililowekwa penye kijiti cha opobo, mti wenye utelezi unaosafisha kama sabuni, pamoja na layibi, ule mti wa kufungulia ghala la nafaka. Yai ni usafi wa asiye na hatia. Layibi inakumbusha kwamba huyu amekula hapa na atakula tena. Huitwa nyono tong gweno. Kwa damu iliyomwagika kati ya koo mbili kuna mato oput, ambayo ni ndefu zaidi: inataka ukweli usemwe, fidia itolewe, kisha pande zote mbili zinywe dawa chungu ya mizizi ya mti wa oput. Na kwa anayesumbuliwa na cen, roho za waliouawa, kuna wazee wanaojua la kufanya.

Je, uzifanye? Uamuzi ni wako. Wapo waliokanyaga yai wakasema usingizi ulirudi, wapo Wakristo waliokataa kabisa, na wapo waliofanya kwa ajili ya bibi yao tu. Ninachoona kinafanya kazi pale ni kwamba ukoo mzima umetoka nje, umesimama, na umekubali mbele ya watu kwamba huyu ni wao. Kama mila yenu ni nyingine, tafuteni kitu kinachofanya hivyo hivyo: dua, misa, chakula cha pamoja. Ila kisifanyike huku wewe umebebwa kama kifurushi.

Halafu waliobaki. Oktoba 1996, LRA iliwachukua wasichana 139 wa shule ya St. Mary's, Aboke. Sista Rachele Fassera aliwafuata porini na kurudi na 109. 30 wakabaki mikononi mwa waasi. Mtu aliyeachiwa huweza kuishi na swali la "kwa nini mimi" kama vile yule aliyetoroka akimwacha mwenzake mgonjwa njiani. Swali hilo halina jibu, ila lina kazi za kufanya: peleka habari kwa mama wa uliyemwacha kwamba mlionana mwisho lini na wapi, hata kama ni mbaya. Mama anayesubiri bila habari naye ni mateka. Nenda na mtu, sema unachokijua kwa macho yako, usiongeze.

Hatua ya 7: Watoto waliozaliwa kule, na mtu uliyeishi naye

Wanawake wengi walirudi na watoto. Kijijini watoto hao huitwa kwa jina la baba yao muasi, wanapigwa shuleni, na kwa Waacholi, ambako ardhi na ukoo hupita kwa baba, wanakua bila pa kulima. Wapo akina mama waliochukua hatua ngumu ya kuitafuta familia ya baba wa mtoto ili apate ukoo. Kwa wengine ilileta shangazi na shamba. Kwa wengine ilirudisha vitisho. Kabla ya kwenda, tuma mtu mzima anayeheshimika apime hewa, na uwe na jibu tayari wakikudai wewe mwenyewe kama mke wao. Hukuolewa. Mahari haikutolewa, ridhaa haikuulizwa.

Huenda pia ukamkumbuka yule mwanaume. Alikulinda dhidi ya wabaya zaidi, au alikuwa mtu pekee aliyekuita kwa upole, na sasa unaona haya kwa kumlilia. Zungumza hilo na mshauri au na mwanamke aliyepitia hayo, usiliseme sokoni. Vikundi vya waliorudi ni dawa hapa: Women's Advocacy Network, ulioanzishwa na wanawake waliowahi kutekwa kaskazini mwa Uganda, uliwasilisha madai yao bungeni Kampala mwaka 2014. Ndani ya kundi kama hilo huhitaji kueleza mwanzo, wote wanaujua.

Hatua ya 8: Kazi, shule, na uliyojifunza

Watafiti Christopher Blattman na Jeannie Annan walipowafuatilia vijana wa Kitgum na Pader, waliona kuwa waliotekwa walikuwa wamepoteza karibu mwaka mmoja wa shule, na kipato chao kilikuwa chini kwa kama theluthi moja. Pengo kubwa lilikuwa la elimu na kazi, na hilo linazibika kwa ada, zana na ardhi. Jambo jingine lililoonekana: waliotekwa walipiga kura zaidi na walishika uongozi wa kijamii zaidi kuliko wenzao. Kiongozi wa kikundi cha akiba kijijini kwenu huenda ametokea huko.

Kabla hujakubali mafunzo ya ushonaji au useremala kwa sababu tu ndiyo yaliyopo, tembea sokoni uhesabu mafundi cherehani. Kama wamejaa, tafuta kingine. Andika unachokijua: kupika kwa watu hamsini, kuzalisha wanawake, kusoma njia, kutibu jeraha, lugha. Kiswahili ndicho lugha ya jeshi la Uganda, na waliokaa Congo walirudi wakikizungumza. Hicho ni kibarua mpakani, kwenye malori na maduka. Ujuzi ulioupata mahali pabaya ni wako bado. Shuleni, ukirudi ukiwa na miaka kumi na tisa darasa la tano, uliza masomo ya watu wazima au ya kuruka madarasa kabla hujakata tamaa.

Kwa ndugu wa nyumbani

Ulizeni, msiamue. Toeni chaguo mbili badala ya moja, na badala ya saba. Msimwambie "umebadilika" kila anaponyamaza. Msimfiche vifo vilivyotokea akiwa hayupo. Mwambieni mapema, mtu mmoja, mahali pa faragha, kisha mpelekeni makaburini akitaka. Kama shamba lake liligawanywa mkidhani amekufa, lizungumzeni mbele ya wazee kabla chuki haijaota. Na msimwite jina la waasi mnapogombana naye. Neno hilo likitoka mara moja mdomoni mwa kaka, kazi ya mwaka mzima huanza upya.

Siku za kuwa macho

Tarehe ya kutekwa, msimu wa mvua, Desemba, na habari za redioni huamsha mambo. Dominic Ongwen, aliyetekwa akiwa mtoto akaishia kuwa kamanda, alihukumiwa miaka 25 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2021. Thomas Kwoyelo, naye kamanda wa LRA, alihukumiwa miaka 40 nchini Uganda Oktoba 2024. Siku hizo nyumba nyingi Gulu hazikulala. Unaruhusiwa kuzima redio. Na baada ya amri ya fidia ya mwaka 2024 katika kesi ya Ongwen, yeyote anayekudai fedha ili "akuandikishe" ni tapeli. Usimpe hata shilingi wala nakala ya kitambulisho chako.

Usisubiri ukiona haya: unapanga namna ya kujiua, umeacha kula, unasikia sauti zinazokuamuru kudhuru mtu, unampiga mtoto na huwezi kuacha, au unapotea saa nzima bila kujua ulikuwa wapi. Hospitali za rufaa za Gulu, Lira na Arua zina vitengo vya afya ya akili. Goma kuna kituo cha Tulizo Letu, Bukavu kuna Sosame, na kwa waliobakwa Hospitali ya Panzi iliyoanzishwa mwaka 1999 hutibu mwili, akili na kusaidia mambo ya sheria mahali pamoja. Nenda na mtu mmoja uliyemchagua wewe, na umwambie mapema kama unataka aingie ndani au akusubiri nje.